Minyoo kwenye moyo wa mhindi: shajara ya msimu mmoja

Kabla ya kupanda

Msimu huu naandika kila kitu, hata upuuzi. Msimu uliopita nilitegemea kumbukumbu, nayo ikanidanganya. Nilikuwa nimeshaamini kwamba dawa ilifanya kazi, hadi nilipofungua picha za simu nikaona majani yametobolewa kama chekeche wiki ileile niliyojipongeza.

Adui ni kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda. Akiwa mdogo anakwangua jani na kuacha vidirisha vyeupe. Akikua anashuka kwenye moyo wa mhindi, ile koni ya majani machanga katikati, anajichimbia humo na kuziba mlango kwa kinyesi chake, kinachofanana na unga wa mbao uliolowa. Dawa ikipulizwa kwa juu inaishia kwenye uchafu huo, na yeye chini anaendelea kula. Nikaanza kutafuta kitu kinachoweza kumfuata mle ndani kwa miguu yake. Nilichopata hakina miguu.

Ni nematodi, minyoo wadogo mno. Najua neno hili linamfanya mkulima akunje uso, maana nematodi tuliowazoea ni minyoo fundo na wenzao wanaofyonza mizizi. Wale wana kidude kama sindano mdomoni cha kutobolea mmea. Hawa ninaowashughulikia hawana sindano hiyo, na mmea hauwahusu kabisa. Wanaua wadudu. Makundi yanayotumika zaidi ni mawili, Steinernema na Heterorhabditis. Wanaokaa kwenye udongo wakisubiri windo ni vijana wa hatua ya tatu. Hawali, na mara nyingi bado wamevaa ngozi ya hatua ya pili kama koti. Tumboni wamebeba bakteria: Steinernema wana Xenorhabdus, Heterorhabditis wana Photorhabdus. Mnyoo anamwingia mdudu kupitia mdomoni, sehemu ya haja au matundu ya kupumulia ubavuni, anawatema wale bakteria kwenye damu, na kwa kawaida mdudu anakufa ndani ya saa 24 hadi 48. Baada ya hapo mzoga unakuwa jiko na kitanda. Minyoo wanakula, wanazaana, na chakula kikiisha maelfu ya vijana wapya wanatoka kutafuta windo lingine.

Kabla ya kuagiza chochote nilitaka kujua kama shamba lenyewe lina wa kwake. Nilitumia mbinu iliyoelezwa na Bedding na Akhurst mwaka 1975. Unajaza udongo wenye unyevu kwenye kopo, unatia viwavi wa nondo wa nta, wale wanaoharibu masega ya nyuki, unafunika na kulipindua kopo, halafu unasubiri. Nondo wa nta ni dhaifu mno mbele ya nematodi, ndiyo maana anafaa kuwa chambo. Nilijaza makopo 12: manane kwa udongo wa katikati ya shamba, manne kwa udongo wa chini ya miti ya mpakani ambako jembe halijafika miaka mingi.

Siku ya sita nilifungua. Makopo manane ya shambani hayakuwa na kitu, viwavi wazima, baadhi wameshaanza kusuka vifuko vyao. Katika yale manne ya chini ya miti, moja lilikuwa na viwavi watatu waliokufa, wekundu kama tofali. Nilinusa. Kiwavi aliyejifia kwa sababu nyingine huwa mweusi na ananuka hadi unaomba radhi kwa watu wa nyumbani. Hawa hawakunuka, kwa sababu bakteria wa nematodi hutengeneza kemikali zinazozuia vijidudu vingine kuuozesha mzoga. Rangi ya tofali ni dalili ya Heterorhabditis. Steinernema huacha mzoga wa rangi ya kijivu au udongo mkavu.

Nimewahamishia kwenye mtego wa White, uliopewa jina la G. F. White aliyeueleza mwaka 1927. Si kitu cha kutisha. Ni kisahani kidogo kilichopinduliwa ndani ya sahani pana yenye maji kidogo, juu yake karatasi ya chujio ambayo kingo zake zinagusa maji, na mizoga imelala juu ya karatasi. Vijana wakitoka wanateremkia majini wenyewe.

Siku ya 3 tangu kuota

Pakiti imefika. Steinernema carpocapsae milioni 50, wamechanganywa na unga wa udongo mwepesi. Vifuko vya barafu vilikuwa vimeyeyuka zamani na pakiti ilikuwa na joto la kiganja, wakati hawa wanatakiwa kukaa kwenye nyuzi 4 hadi 8 za Selsiasi. Nilimwandikia muuzaji. Akajibu neno moja: "Wanavumilia."

Nikaamua kuwahesabu mwenyewe. Nilipima sehemu moja ya kumi ya pakiti, yaani kama milioni 5, nikaikoroga kwenye nusu lita ya maji. Hiyo ni 10,000 kwa kila mililita, na huwezi kuhesabu 10,000. Kwa hiyo mililita 1 ya maji hayo nikaichanganya na mililita 99 za maji safi, nikategemea kuona 100 katika kila mililita.

Chini ya hadubini moyo ulinidondoka. Karibu wote walikuwa wamenyooka kama sindano, na kila kitabu kinasema aliyenyooka ni mfu. Niliacha sahani mezani, nikafanya shughuli nyingine, nikarudi baada ya nusu saa kuitupa. Walikuwa wanajinyonganyonga! Carpocapsae ana tabia hiyo: akipumzika hulala amenyooka au amepinda kidogo kama herufi J, na akitoka kwenye baridi anachelewa kuamka. Sasa kabla ya kuhesabu naacha maji yapate joto la chumba, kisha namgusa kila mmoja kwa unywele. Anayebaki sindano baada ya kuguswa, huyo amekwenda.

Wastani wa vipimo kumi ni wazima 58 kwa kila mililita. Pakiti yangu ya milioni 50 ni ya milioni 29. Naandika hapa kwa herufi kubwa ili nisisahau nikipiga hesabu baadaye: MILIONI 29.

Siku ya 8

Sota, viwavi wanaokata miche shinani, wamekata miche 11 kwa usiku mmoja. Sikuwa nimepanga kuwatumia minyoo mapema hivi, lakini sota ndiye mteja rahisi kuliko wote. Mchana analala udongoni amejikunja, mara nyingi chini ya mche uleule alioukata. Nilimwagilia mstari jioni, nikamimina maji yenye nematodi kwenye shina la kila mche, nikamwagilia tena kidogo ili washuke. Hakuna ufundi mwingine.

Siku ya 12

Nimefukua kuzunguka miche iliyokatwa. Sota wanne, watatu wamekufa na wamelegea kama mfuko mtupu. Mmoja yuko hai na ana afya njema kuliko mimi. Hakuna mche mpya uliokatwa tangu juzi. Nilijisikia fundi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Siku ya 15

Viwavijeshi wameingia. Vidirisha vyeupe kila mahali, na mioyo kadhaa imeshaanza kuwa na unga. Nimejaza bomba la mgongoni, nikatia nematodi, nikapuliza majani ya mistari minne kuanzia saa kumi jioni. Jua lilikuwa bado kali lakini nilikuwa na haraka.

Siku ya 18

Nimefungua mioyo ya mihindi 30. Viwavi 17. Wote hai. Mmoja alikuwa anamla mwenzake, na huyo aliyeliwa ndiye kifo pekee nilichokiona leo.

Siku ya 19

Leo sikuenda shambani. Nimekaa na bomba mezani, nimelifungua kipande kwa kipande kama fundi saa.

Kwanza nilijaza maji yenye nematodi, nikapuliza kwenye kikombe, nikaangalia kwenye hadubini. Wachache mno. Nikafungua mpini, nikachomoa chujio dogo lililo ndani. Lilikuwa na utando wa rangi ya maziwa, utelezi. Ni wao. Carpocapsae ana urefu wa kama nusu milimita na unene wa milimita 0.025 hivi, kwa hiyo akipita kichwa mbele tundu dogo linamtosha. Lakini hapiti kichwa mbele. Anajikunja, anashikana na wenzake na chembe za ule unga wa udongo, wanakuwa kizibo. Ushauri wa siku zote ni kwamba matundu ya chujio yasipungue milimita 0.3, au uliondoe kabisa. Nilikuwa nimeusoma. Nilidhani unahusu mabomba ya watu wengine.

Kosa la pili ni jua. Mionzi inawaua hawa kwa dakika, si kwa saa. Na hata bila jua, tone juu ya jani linakauka, na nematodi asiye na utando wa maji haendi popote. Kwenye udongo anaogelea katikati ya chembe. Juu ya jani ni samaki aliyetupwa barabarani.

Kosa la tatu ndilo linaloniuma, kwa sababu ndilo lililonileta kwenye mradi huu. Niliwapuliza juu ya kile kizibo cha kinyesi, vilevile nilivyokuwa nikipuliza dawa. Nilibadilisha kilichomo ndani ya bomba, mikono yangu ikaendelea na mazoea yake.

Ila kuna jambo moja nimeliona leo nikiwa nimeshika moyo mmoja niliourudisha jana. Uchafu ule una unyevunyevu. Ndani ya koni ya majani, chini ya kizibo, hakuna jua na maji hayakauki haraka. Kiwavi amejijengea mahali pazuri pa kujificha, na mahali hapo panamfaa nematodi kuliko sehemu yoyote nyingine ya mmea ulio juu ya ardhi. Tatizo ni kumfikisha pale akiwa amelowa.

Siku ya 20

Jeli. Si wazo langu. Watafiti waliofanya majaribio Rwanda waliweka nematodi kwenye jeli ya kaboksimethili selulosi, wakaitia moja kwa moja kwenye moyo wa mhindi dhidi ya kiwavijeshi huyuhuyu. Unga huo unatumika pia kwenye vyakula na sabuni ili kuvifanya vizito, kwa hiyo si kitu cha ajabu.

Jaribio la mezani: jani moja, kivuli kilekile, upande wa kushoto tone la maji lenye nematodi, upande wa kulia tone la jeli lenye idadi ileile. Tone la maji lilikauka kabla sijamaliza kuosha vyombo, na minyoo wakabaki wamegandamana kwenye jani kama nywele zilizokatwa. Tone la jeli lilikuwepo bado asubuhi, limepungua, na ndani yake walikuwa wanapinda na kunyooka polepole.

Kutengeneza jeli kumenichosha kuliko kulima. Ukimwaga unga wote majini unapata madonge yenye unga mkavu katikati, na hakuna kijiko kinachoyashinda. Dawa yake ni kunyunyiza kidogokidogo huku unakoroga, kisha kuacha usiku kucha. Jeli ya kwanza ilikuwa nzito mno, nematodi walisimama kama wamemiminiwa kioo. Ya pili nimeipunguza hadi ikawa kama shampuu, na humo wanatembea. Faida ambayo sikuitegemea: ndani ya jeli hawazami. Kwenye maji matupu wanakwenda chini baada ya dakika chache, na usipotikisa kila mara, mhindi wa kwanza unapata maji na wa mwisho unapata kijiji kizima.

Hesabu sasa, maana ndiyo iliyonifanya nisilale. Kiwango kinachotajwa mara nyingi kwa kunyunyizia udongo ni nematodi bilioni 2.5 kwa hekta, sawa na 250,000 kwa kila mita ya mraba. Kipande changu kina mihindi 400 kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, yaani mita za mraba 90. Kukinyunyizia chote kunahitaji milioni 22.5, karibu pakiti yangu yote iliyobaki hai. Kwa jeli, nikiweka nematodi 3,000 kwenye kila moyo, mihindi 400 inahitaji milioni 1.2 tu. Ni mara 19 chini. Na kiwavi mmoja mkubwa wa nondo wa nta, akiambukizwa vizuri, anaweza kutoa vijana zaidi ya 100,000. Kwenye karatasi, viwavi 12 wanatosha kipande chote. Kwenye karatasi.

Siku ya 22

Nimegawa mihindi 200 katika makundi manne ya 50, nikayachanganya shambani ili kundi moja lisikae lote upande wenye kivuli. Kundi la kwanza jeli yenye nematodi, la pili jeli tupu, la tatu maji yenye nematodi yaliyotiwa moyoni, la nne sikuligusa. Kila moyo mililita 2 kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Nilianza saa kumi na mbili jioni, jua likizama, nikamaliza kwa tochi. Mgongo unauma.

Jeli tupu nusura niiache. Ningejuta, kama itakavyoonekana.

Siku ya 25

Kutoka kila kundi nimekusanya viwavi 20 wa kwanza niliowaona, wazima au wafu, kila mmoja kwenye kikombe chake kwa sababu ukiwaweka pamoja asubuhi unakuta mmoja mnene.

Waliokufa: jeli yenye nematodi 13, jeli tupu 2, maji yenye nematodi 6, wasioguswa 1.

Wale wawili wa jeli tupu ndio waliokuwa wanahitaji kuonekana. Jeli yenyewe inaweza kumziba kiwavi matundu ya kupumulia, hasa mdogo. Nikisema nematodi wameua asilimia 65, najipa sifa ya jeli. Kwa kanuni ya Abbott, ya mwaka 1925, unatoa vifo vya kundi linganishi kwanza: 65 toa 10, gawanya kwa 90, unapata asilimia 61. Maji yenye nematodi, yakilinganishwa na wasioguswa, yanatoa 26. Kwa hiyo hata maji yanafanya kitu yakifika mahali penyewe, ila mengi yanatiririka na kukauka.

Nimepasua wafu 13 chini ya lenzi. Kumi na moja walikuwa na minyoo wanaogelea ndani, wengine wameshanenepa. Wawili sikuona kitu. Nimewaacha kwenye hesabu na kuandika alama pembeni. Na viwavi 20 ni wachache, najua. Wafu nao wanaweza kuanguka au kuliwa na wenzao nisiwaone kabisa. Hii ni dalili nzuri, bado si ushahidi wa kumwonyesha mtu anayebisha.

Siku ya 28

Mtu anayebisha amekuja mwenyewe. Mzee wa shamba la pili alisimama mpakani akinitazama nikitia jeli.

"Mwanangu, nasikia unamwaga minyoo kwenye mahindi."

"Ndiyo, mzee. Inaua viwavi."

"Na viwavi wakiisha, hao minyoo watakula nini? Mahindi?"

Nilimweleza habari ya sindano, kwamba hawa hawana mdomo wa kutobolea mmea, na wakikosa mdudu wanasubiri udongoni hadi akiba ya mwilini iishe. Hata nyungunyungu hawamgusi. Alisikiliza kwa adabu ya mtu ambaye hajaamini. Kisha akasema jambo ambalo halimo katika chochote nilichosoma kwa ajili ya mradi huu: "Mimi huwa nawatoa kwa mkono alfajiri. Wakati huo wako juu, hawajashuka. Ukija saa mbili umechelewa."

Kiwavi mkubwa anapanda kula usiku na kurudi chini mchana. Nilikuwa nimechagua jioni kwa sababu ya jua tu. Kumbe jeli ikiwekwa jioni, kiwavi anaipitia akipanda na anaipitia tena akishuka. Mzee ameomba nimjaribie mistari miwili ya kwake. "Lakini usiniharibie," akaongeza.

Siku ya 29

Mvua usiku kucha. Jeli ya mioyo iliyotiwa jana imechujuka kiasi. Nimeiacha.

Siku ya 33

Wale wekundu wa chini ya miti wametoa wajukuu. Kizazi cha kwanza cha mtego wa White nilikitumia kuambukiza nondo wa nta wengine, na wiki hii kizazi cha pili kimejaa majini kama moshi. Vikombe viwili viligeuka vyeusi na kunuka. Nimevitupa bila kujadiliana, maana bakteria wa kigeni akishaingia humwokoi mtu.

Heterorhabditis wana jambo ambalo Steinernema wengi hawana. Kijana anayeingia kwenye mzoga anakuwa jike-dume, anaweza kuanzisha ukoo peke yake. Steinernema carpocapsae anahitaji dume na jike wakutane ndani ya kiwavi yuleyule, kwa hiyo ukitia wachache mno unaweza kuua kiwavi na usipate mtoto hata mmoja.

Nilitaka pia kuthibitisha kwamba ni Heterorhabditis kweli, na rangi peke yake haikunitosha. Bakteria Photorhabdus hutoa mwanga. Nilichukua mizoga mitatu mipya, nikajifungia stoo usiku, nikaziba upenyo wa mlango kwa blanketi, nikakaa gizani. Dakika ya kwanza hakuna. Ya tano hakuna, nikaanza kujiona mjinga. Karibu dakika ya kumi, macho yalipozoea, viwavi watatu walitokea mezani kama mkaa hafifu wa kijani. Ukikazia macho unapotea, ukitazama pembeni unarudi. Niliita watu wa nyumbani. Walikuja, walifungua mlango na mwanga wa ukumbini, na kila kitu kikapotea.

Siku ya 38

Viwavi waliokomaa wanashuka kwenda kuwa pupa. Wanachimba sentimita 2 hadi 8 tu, na hapo ndipo Heterorhabditis wa nyumbani wanapopata kazi. Carpocapsae ni mviziaji: anasimama juu ya mkia wake karibu na uso wa udongo, akisubiri mdudu apite. Heterorhabditis ni mtembezi, anamfuata aliyetulia kule chini.

Nimewamimina kuzunguka mashina tu, jioni, kwenye udongo uliomwagiliwa. Nusu ya mistari ina matandazo ya majani makavu na nusu iko wazi, si kwa mpango bali kwa sababu majani yaliisha. Ni vizuri kuwahi. Pupa akishakomaa amefunga mdomo na nyuma, amebakiza matundu ya kupumulia, na kumwingia ni kazi ngumu zaidi kuliko kumwingia kiwavi anayezurura akitafuta pa kulala.

Nikiwa nimeinama pale nimekumbuka kisa ninachokipenda kuliko vyote katika mambo haya. Mende wa mizizi ya mahindi, Diabrotica virgifera, alitoka Amerika akagunduliwa Ulaya karibu na Belgrade mwaka 1992. Buu wake anakula mizizi. Mwaka 2005 Rasmann na wenzake walionyesha kwamba mizizi ya baadhi ya mahindi ikitafunwa inatoa kemikali, beta-kariofilini, inayosambaa udongoni na kuwavuta nematodi. Mhindi unapiga yowe na askari wanakuja. Mahindi mengi ya Amerika Kaskazini yamepoteza sauti hiyo, kwa kuwa wakati wa kuchagua mbegu hakuna aliyejua kwamba kuna kitu cha kusikiliza huko chini. Mende huyo mimi sina, lakini kila nikichagua mbegu sasa najiuliza ni nini kingine tumekitupa bila kujua.

Siku ya 45

Mbelewele zimeanza kutoka. Moyo wa mhindi umefunguka, hakuna tena koni ya kushika jeli, na viwavi waliobaki wanahamia kwenye vigunzi vichanga. Nimesimamisha jeli. Kwa nafasi niliyokuwa nayo nimetia mara mbili, siku ya 22 na siku ya 28, na mara ya pili mvua ilikula sehemu yake. Kama ningeanza siku ya 15 kwa njia sahihi ningepata mara tatu. Nimeshalitoa chujio kwenye mpini wa bomba na kulitundika ukutani kwa uzi.

Mistari miwili ya mzee: amehesabu mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Anasema ile ya jeli "ina nafuu". Nilipomuuliza nafuu kiasi gani akasema nisimharakishe.

Baada ya kuvuna

Makopo 12 tena, viwavi wa nondo wa nta tena. Sita yana udongo wa mistari yenye matandazo, sita wa mistari iliyokuwa wazi.

Chini ya matandazo: makopo matatu yana viwavi wekundu. Kwenye udongo wa wazi: hakuna hata kopo moja. Carpocapsae sikumwona popote, wala mzoga mmoja wa kijivu. Amefanya kazi yake msimu mmoja na ameisha, au yuko kwa uchache ambao makopo yangu hayaukamati.

Mzee alipita nikiwa nakagua. Alichukua kopo, akamtazama kiwavi mwekundu kwa muda, akanusa kama nilivyonusa mimi siku ya kwanza.

"Huyu haozi?"

"Haozi, mzee. Subiri kidogo, atatoa watoto."

"Wangapi?"

"Wanaweza kufika laki moja."

Akarudisha kopo taratibu mno, kama limejaa mayai, akauliza kama lile bomba la sindano lisilo na sindano ninalo la ziada. Nimempa. Viwavi watano wekundu wako kwenye mtego wa White tangu jana, na watatu nimewaweka pembeni kwa ajili ya stoo, safari hii na mlango umefungwa kwa ufunguo.